Helios 44: toleo lipi likufae? Ulinganisho wa 44, 44-2, 44M, 44M-4 na ndugu zao

Ukianza kutafuta lenzi ya zamani ya kupigia picha za watu, huendi mbali kabla ya kukutana na Helios 44. Ni lenzi ya milimita 58 inayofunguka hadi f/2 (kipimo cha tundu la mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ilitengenezwa Urusi na Belarus enzi za Muungano wa Kisovieti na ikauzwa karibu kila pembe ya dunia ikiwa imefungwa kwenye kamera za Zenit. Bado iko tele kwenye masoko ya mtandaoni, bei yake inafikika, na mandharinyuma yake huzunguka nyuma ya mtu kwa namna ambayo watengenezaji wa lenzi za leo wametumia jitihada kubwa kuiondoa.

Shida huanza pale muuzaji mmoja anapoandika 44-2, mwingine 44M, wa tatu 44M-4, wa nne 44M-7 yenye herufi MC mbele, na bei zinapishana sana. Wengi huishia kununua yenye namba kubwa kwa kudhani ndiyo iliyoboreshwa zaidi. Mimi naona huo ni msingi mbovu wa kuchagua. Mpangilio wa vioo ndani ni uleule katika matoleo yote: vioo sita katika makundi manne. Yanayobadilika ni namna ya kufungua na kufunga tundu la mwanga, utando uliopakwa juu ya vioo, na jinsi lenzi inavyoshikana na kamera. Hayo ndiyo yatakayokurahisishia au kukusumbua kazi kila siku.

## Asili yake kwa ufupi

Mama wa lenzi hizi zote ni Biotar 58 mm f/2 ya Carl Zeiss Jena, Ujerumani, iliyotoka kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mpangilio wa Biotar ni kazi ya Willi Merté, mhandisi wa Zeiss, katika miaka ya 1920. Baada ya vita Wasovieti walichukua maarifa hayo na kuyapeleka kwenye kiwanda cha Krasnogorsk, nje kidogo ya Moscow, kiwanda ambacho wapenzi wa kamera wanakiita KMZ. Mwaka 1958 jina la Helios-44 lilitoka na kamera iliyoitwa Start, kisha likaingia kwenye Zenit. Baadaye lenzi hiyo ilitengenezwa pia Minsk na Valdai. Zenit-E peke yake ilitengenezwa zaidi ya milioni 3, na nyingi kati ya hizo ziliuzwa na Helios 44-2 mdomoni. Ndiyo maana lenzi hizi hazijaadimika hadi leo.

## Vigezo nilivyotumia

Kila toleo nimelipima kwa mambo yaleyale. La kwanza ni tundu na pete zake: unalifungaje, lina vibapa vingapi (vipande vyembamba vinavyolifunga), na kwenye video linaendaje. La pili ni utando wa vioo na tabia ya lenzi mbele ya jua. La tatu ni kuifunga kwenye kamera, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hukwama. La nne ni upatikanaji. Mwisho nasema inamfaa nani.

Sikuweka ukali wa picha kama kigezo cha peke yake, kwa makusudi. Zote zikiwa kwenye f/2 ni laini kiasi, na kingo zenye mwanga mkali zinakuwa na mng'ao mwembamba. Ukifika f/4 katikati pamekaza, na kwenye f/5.6 hadi f/8 lenzi nzima inatoa picha kali ambayo mteja hatajua imetoka kwenye kioo cha miaka 40.

Mzunguko wa mandharinyuma nao nimeuacha nje ya vigezo, kwa sababu hauchagui toleo. Hutokea hivi: mwanga unaoingia kwa mshazari hukatwa na kuta za lenzi, hivyo nukta za mwanga zilizo pembeni ya picha hazibaki duara, zinakuwa kama jicho la paka, na kila moja inalala kufuata mzingo wa kuizunguka katikati. Kwa hiyo 44-2 na 44M-7 zikiwekwa mahali pamoja zitazungusha karibu sawa.

Cha maana ni jinsi unavyompanga mtu. Fungua tundu lote, f/2. Msimamishe mita mbili hivi kutoka kwako, na nyuma yake, mita nne au tano zaidi, kuwe na majani yanayopenyeza mwanga. Mwembe wenye majani mengi unafaa sana, hasa saa kumi jioni jua linapopenya katikati ya matawi: kila kijitundu cha mwanga kinageuka kijiviringo kilichobonyea, na vyote vinamzunguka mtu wako. Ukuta mtupu nyuma yake hautakupa kitu, hata lenzi iwe toleo gani. Ukifunga tundu hadi f/4 mzunguko unapotea.

## Helios-44 ya fedha, hesi ya M39

Hii ndiyo ya mwanzo, yenye mwili wa alumini inayong'aa. Ukiiona picha yake tu unatamani kuwa nayo.

Tundu na pete. Za mwanzo kabisa zina vibapa 13, na hilo ndilo linalowavutia wakusanyaji. Hata tundu likiwa limefungwa kidogo, bado linabaki karibu duara, hivyo nukta za mwanga nyuma ya mtu hubaki mviringo kwenye f/2.8 na f/4. Za baadaye zilipunguzwa vibapa hadi 8. Tundu hufungwa kwa mkono, kwa pete mbili, mfumo nitakaoueleza kwenye 44-2.

Utando. Ni wa tabaka moja, wa zamani. Jua likiingia mbele, picha inapauka na weusi wake unageuka kijivu. Wako wanaoipenda kwa hilo hilo.

Kuifunga. Hapa kuwa makini. Hesi ya M39 (skrubu ya kipenyo cha milimita 39) ya Zenit inalingana kipenyo na ile ya kamera za Leica, lakini umbali kutoka kwenye hesi hadi kwenye filamu ni tofauti kabisa: Zenit ni milimita 45.2, Leica ni 28.8. Ukinunua adapta (pete ya kuunganisha lenzi na kamera) ya Leica, lenzi itakaa ndani kupita kiasi na fokasi haitakubali kabisa. Njia nyepesi ni kupachika pete ndogo ya kutoka M39 kwenda M42 (hesi ya milimita 42), kisha kutumia adapta ya kawaida ya M42. Kwa kuwa M42 ni milimita 45.46, utapoteza kidogo fokasi ya mbali kabisa, yaani milima na upeo wa bahari. Kwa picha za watu hutaona tofauti. Angalia pia usije ukauziwa Helios-44 ya kamera ya Start ukidhani ni M39. Ile ina kipachiko chake cha peke yake.

Upatikanaji. Chache, na yenye vibapa 13 huuzwa ghali kuliko ndugu zake.

Inamfaa nani. Mtu anayependa kitu cha zamani kama kilivyo, anayetaka duara safi nyuma ya picha hata akiwa amefunga tundu kidogo, na asiyekerwa na adapta mbili zilizopandana.

## Helios 44-2

Ukimwambia mtu "Helios" bila kuongeza neno, hii ndiyo inayomjia kichwani.

Tundu na pete. Vibapa 8 na pete mbili. Pete moja ina namba na inakwama kwa mlio kwenye kila hatua. Hiyo unaiweka kwenye kikomo unachotaka, tuseme f/5.6. Pete ya pili haina mlio, inateleza kutoka f/2 hadi kwenye kikomo hicho na kurudi. Zamani mpiga picha aliweka kikomo, akafungua tundu lote aone vizuri, akatafuta fokasi, kisha akazungusha pete ya pili mpaka ikagota, akapiga. Leo faida imehamia kwenye video. Weka kikomo kwenye f/16 na uisahau. Pete ya pili inabaki huru kuteleza bila mlio na bila kuruka hatua, na mwanga unapungua au kuongezeka taratibu katikati ya shoti. Lenzi za sinema hulipiwa pesa nyingi kwa sifa hiyo, na hapa umeipata bila kumpelekea fundi.

Ubaya wake ni kwamba pete hizo mbili zinakaa karibu. Mkono usiozoea hugusa moja ukikusudia nyingine, na unaweza kupiga picha tatu nne kabla ya kugundua kwamba tundu limehama.

Utando. Tabaka moja kwa nyingi utakazokutana nazo. Rangi zinatoka tulivu, tofauti kati ya mwanga na kivuli ni ndogo. Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina pande mbili. Mwanga ukitoka ubavuni au ukiwa wa kivulini, ulaini huo ni mzuri mno, kwa sababu vivuli vya uso havizami. Lakini jua likiwa nyuma ya mtu na kuingia moja kwa moja kwenye kioo, ule weusi wenye uhai unapauka na kuwa kama una vumbi. Kofia ya mpira ya milimita 49, inayochomoza mbele ya lenzi kuikinga na jua, hutibu sehemu kubwa ya tatizo. Kofia hiyo ninaihesabu kama sehemu ya bei ya lenzi.

Kuifunga. Hesi ya M42, haina pini nyuma, haina swichi. Adapta yoyote ya M42 inafaa. Hakuna toleo lililo rahisi kuliko hili.

Upatikanaji. Tele. Kwa sababu ziko nyingi, unaweza kusubiri iliyotunzwa vizuri badala ya kurukia ya kwanza.

Inamfaa nani. Anayeanza, anayepiga video, na mwenye Zenit-E ya filamu.

Kuna pia 44-3 ya Minsk, nayo ya kufunga kwa mkono na hesi ya M42. Ukiipata yenye maandishi ya MC na kioo kisafi, ichukulie kama 44-2 yenye utando bora.

## Helios 44M

Herufi M imeongezwa, na pamoja nayo tundu la kujiendesha. Ilifungwa kwenye kamera kama Zenit-EM na Zenit-TTL.

Tundu na pete. Vibapa 8, pete moja ya tundu, na swichi pembeni yenye herufi A na M. Kwenye A, tundu linabaki wazi na kamera ndiyo inayolifunga wakati wa kupiga kwa kusukuma pini nyuma ya lenzi. Kwenye M, tundu linafuata pete moja kwa moja. Kwa mtu wa dijitali swichi hii ina matumizi mengine mazuri: weka pete kwenye f/8, tafuta fokasi ukiwa kwenye A ambako tundu liko wazi kabisa, kisha sukuma swichi hadi M na upige.

Utando. Kwa sehemu kubwa ni sawa na 44-2: tabaka moja, tabia ileile mbele ya jua. Kofia na filta zake ni za milimita 52, kipimo kilichoenea zaidi madukani kuliko 49.

Kuifunga. Adapta yoyote ya M42, ilimradi swichi iwe kwenye M.

Upatikanaji. Hazijaenea kama 44-2, lakini hazijafichika. Mwili ni mkubwa na mzito kidogo zaidi. Swichi ya A/M ni kitu kimoja zaidi kinachoweza kuharibika, kwa hiyo muulize muuzaji kama vibapa vinarudi haraka inapochezeshwa.

Inamfaa nani. Anayetaka lenzi moja itumike kwenye kamera ya filamu yenye tundu la kujiendesha na kwenye kamera ya dijitali pia, bila kuwaza adapta ya namna gani. Naona toleo hili halipewi heshima linayostahili.

## Helios 44M-4 na MC 44M-4

Hii ilitoka na kamera kama Zenit-12XP na Zenit-122 katika miaka ya 1980 na kuendelea. Nayo iko tele, na mara nyingi haijachakaa kwa sababu umri wake ni mdogo.

Tundu na pete. Vibapa vimepungua hadi 6, na swichi ya A/M imeondolewa. Watu wengi huikataa kwa ajili ya vibapa. Kabla ya kuwafuata, kumbuka jambo moja: kwenye f/2 vibapa vyote vimejificha ndani ya mwili wa lenzi, na tundu ni duara kamili hata kama vipo 6 tu. Vibapa vinaanza kuonekana ukifunga hadi f/2.8 na kuendelea, ambapo nukta za mwanga zinakuwa za pembe sita. Kama nia yako ni ule mzunguko, utakuwa kwenye f/2 muda mwingi, na hesabu ya vibapa haikuhusu.

Pete yake ina mlio kila hatua. Kwa picha za mnato hilo ni zuri, kwani unaweza kuhesabu hatua bila kutazama. Kwa video linakera.

Utando. Hapa ndipo penye faida, hasa yenye MC. Herufi hizo ni za Kirusi na maana yake ni utando wa tabaka nyingi. Rangi zinakaza, weusi unabaki mweusi, na jua likiwa nyuma ya mtu picha haipauki kiasi kile. Haiwi lenzi ya kisasa, na ukiielekeza juani moja kwa moja bado itaonyesha umri wake, lakini ukiiweka sambamba na 44-2 mchana wa jua kali, tofauti inaonekana bila kutafutwa. Si kila 44M-4 ina MC. Zisome herufi kwenye pete ya mbele.

Kuifunga. Soma aya hii mara mbili. Bila swichi, tundu la 44M-4 linabaki wazi mpaka pini ya nyuma ibonyezwe. Ukiifunga kwa adapta ya kawaida isiyogusa pini, utazungusha pete kutoka f/2 hadi f/16 na hakuna kitakachobadilika. Wako waliorudisha lenzi nzima wakidhani ni mbovu. Dawa ni adapta ya M42 yenye ukingo wa ndani unaobonyeza pini muda wote. Zinauzwa sana na bei yake ni ya chini. Cha msingi ni kutazama picha ya adapta kabla ya kulipa na kuhakikisha ukingo huo upo. Kwa sababu hiyohiyo, 44M-4 kwenye Zenit-E haifai: Zenit-E haina kitu cha kusukuma pini.

Upatikanaji. Rahisi, bei sawa na ya 44-2 au chini yake.

Inamfaa nani. Anayepiga picha za mnato nje, kwenye jua letu la Afrika Mashariki, harusi na sherehe za mchana zikiwemo, na mwenye kamera ya filamu ya M42 yenye uwezo wa kusukuma pini.

Mwenye kamera ya Pentax aitazame 44K-4. Ni dada yake mwenye kipachiko cha Pentax K, haihitaji adapta yoyote.

## 44M-5, 44M-6 na 44M-7

Namba hizi za mwisho zinafuata uwezo wa lenzi kutenganisha mistari myembamba, katikati na pembeni ya picha, kwa kila milimita. 44M-4 ilipewa 38 katikati na 20 pembeni. 44M-5 ikapewa 41 na 20. 44M-6 ikapewa 45 na 25. Na 44M-7 ikafika 50 na 30. Namba zinavutia, na bei hupanda pamoja nazo.

Tundu na pete, vibapa 6, mlio, pini bila swichi: yote kama 44M-4. Kuifunga pia, na tahadhari ya adapta ni ileile. Utando kwa kawaida ni MC. Upatikanaji: 44M-6 unaweza kuipata ukivumilia, 44M-7 ni adimu, na muuzaji anajua hivyo.

Swali la kujiuliza ni kama utaiona tofauti. Namba za 44M-7 zinaonyesha faida kubwa ikiwa pembeni, kutoka 20 hadi 30. Lakini anayenunua Helios kwa ajili ya mzunguko huacha pembeni mwa picha kwenye ukungu kwa makusudi. Huko hakuna mstari wa kutenganishwa. Faida hiyo inaonekana ukiwa unapiga majengo, mandhari au kundi la watu waliojipanga kutoka ukingo hadi ukingo, kazi ambayo wengi wangeifanya kwa lenzi nyingine. Isitoshe, lenzi hizi zimepita mikononi mwa watu wengi, nyingine zimefunguliwa na kufungwa upya bila kupangwa sawasawa. 44-2 ambayo haijawahi kuguswa inaweza kutoa picha kali kuliko 44M-7 iliyofunguliwa na mtu asiyejua.

Inamfaa nani. Anayetaka Helios iwe lenzi yake ya kazi zote, na mkusanyaji. Kwa wengine, 44M-6 ikipatikana kwa bei ya 44M-4, ichukue.

## Kamera uliyonayo inaamua mengi

Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), kama za Sony E, Fujifilm X, Canon RF na Nikon Z, zinapokea matoleo yote kwa adapta na fokasi inafika mbali kabisa. Kwenye sensa kubwa ya fulu fremu ndiko utakakoona Helios yote. Sensa ya APS-C, iliyo ndogo zaidi, inakata kingo, na kingo ndiko mzunguko unakoishi; lenzi inakuwa na mwonekano wa milimita 87 hivi, mzuri kwa uso wa mtu, lakini mandharinyuma hayazunguki kwa nguvu ileile.

Kwenye Canon za zamani zenye kioo hicho cha kuakisi, za EF, adapta inakaa vizuri kwa kuwa umbali wake ni milimita 44. Kwenye Nikon F ni 46.5, zaidi ya ule wa M42, hivyo adapta isiyo na kioo cha lenzi ndani haitakuruhusu kupata fokasi ya mbali, na yenye kioo cha lenzi inaharibu picha. Mwenye Nikon ya aina hiyo simshauri Helios ya M42 ya toleo lolote.

Kamera ya dijitali haitaitambua lenzi. Ingia kwenye menyu uruhusu kupiga bila lenzi, na kama kamera yako ina kitulizi cha mtikisiko ndani, kiandikie milimita 58. Washa na ile rangi inayoonyesha sehemu iliyo kwenye fokasi. Kwenye f/2, ukilenga jicho, utaihitaji.

## Kabla ya kulipa

Hali ya lenzi iliyo mbele yako ina uzito kuliko namba iliyoandikwa juu yake. Ishike ukiielekeza dirishani, tundu likiwa wazi, uitazame kwa mshazari. Vumbi dogo halina neno. Nyuzi nyembamba zenye matawi, mithili ya utando wa buibui, ni fangasi, na kwa sisi tunaoishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, hewa yenye unyevu itaikuza haraka. Lenzi ya namna hiyo iache. Uliyonayo tayari itunze kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika.

Kisha funga tundu uangalie vibapa. Viwe vikavu. Mafuta yanayong'aa juu yake, kwenye 44M na kuendelea, humaanisha vibapa vitachelewa kurudi. Kwenye 44-2 mafuta kidogo hayazuii kazi, kwa kuwa mkono wako ndio unaovisukuma. Zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Grisi ya zamani hukauka na kuifanya iwe ngumu kiasi cha kujifungua kwenye hesi unapoizungusha. Fundi mzuri ataiosha na kupaka mpya. Mwombe muuzaji apunguze bei kwa gharama hiyo.

Tarakimu mbili za mwanzo za namba ya lenzi kwa kawaida ni mwaka iliotengenezwa: 78 ni 1978. Utasikia wengi wakisema za KMZ ndizo bora na za viwanda vingine ni dhaifu. Alama ya KMZ ni mche wa kioo unaopitiwa na mwale. Kwangu mimi alama hiyo haitoshi kunifanya nilipie zaidi lenzi yenye fokasi ngumu.

## Ukiwa katika hali hii, anza hapa

Hujawahi kutumia lenzi ya zamani na una kamera isiyo na kioo: 44-2 iliyo safi, adapta ya kawaida ya M42 na kofia ya mpira ya milimita 49.

Kazi yako kubwa ni video: 44-2 tena, kwa ajili ya ile pete inayoteleza. Ukipenda rangi zilizokaza zaidi, tafuta 44-3 yenye MC.

Unapiga mchana, juani, picha za mnato: MC 44M-4, na adapta yenye ukingo wa kubonyeza pini.

Unapenda kufunga tundu hadi f/2.8 au f/4 na hutaki pembe sita nyuma ya picha: 44-2 au 44M zenye vibapa 8, au ile ya fedha yenye vibapa 13 kama mfuko unaruhusu.

Unabadilisha kati ya filamu na dijitali: 44M, kwa swichi yake.

Unataka ukali hadi kwenye kona: 44M-6, au 44M-7 ukiipata kwa bei isiyokuumiza. Ila linganisha kwanza na bei ya lenzi ya kisasa ya milimita 50, kwa sababu kwenye kona, hiyo ya kisasa itaishinda.

Na kama kuna mzee katika familia aliyesoma Urusi au Ukraine miaka ya 1970 au 1980, muulize kama ana Zenit kabatini kabla hujaagiza chochote. Ikiwepo, tazama maandishi ya pete ya mbele, ikague dirishani kama nilivyoeleza, na huenda kitakachobaki kununua ni adapta peke yake.